Chumba cha Majengo: kitanda juu ya chukudu, rafu juu ya mawe ya volkano

Nilishuka kwenye bandari ya Kituku, mjini Goma, mwezi wa Novemba 2018, mtumbwi wa mota kutoka kisiwa cha Idjwi umejaa watu na mananasi, nikiwa na mkeka uliosukwa na mama, beseni la maharage, sufuria mbili zilizofukiwa ndani ya maharage hayo, na dola 140 zilizofungwa kwenye ncha ya kitenge. Pesa hizo zilikuwa za kupata chumba na za kila kitu kitakachoingia ndani ya chumba. Ada ya chuo baba alikuwa amekwisha kuilipa, na alishaniambia kwamba kabla ya mavuno ya kahawa hakuna nyingine itakayokuja.

Kila mwaka wadogo zangu wanaokuja kuanza masomo Goma huniuliza nilifanyaje. Naandika yote hapa pamoja na makosa, kwa sababu makosa ndiyo yaliyonila pesa.

Nianze na chumba chenyewe. Wiki mbili za kwanza nililala kwa shangazi huko Ndosho, na kila siku baada ya masomo nilitafuta. Komisioneri wa kwanza, yaani dalali wa vyumba, alichukua dola 5 za kunitembeza, akanipeleka upande wa Himbi kwenye chumba cha dola 10 kwa mwezi. Sakafu ya simenti, ukuta wa mawe, mlango wa chuma. Nilikuwa tayari kutoa garanti, yaani amana ya chumba, palepale. Lakini ili kuingia ulishuka ngazi tatu. Sakafu ilikuwa chini kuliko uwanja, na uwanja wenyewe ulikuwa umekaa kwenye kibonde. Bibi mmoja aliyekuwa anapepeta maharage mlango wa pili alinitazama, akaniita.

"Mutoto wangu, weye ni wa wapi?"

"Idjwi, bibi."

"Basi haujue. Huku kuku zinakufaka asubuhi bila ugonjwa."

Alikuwa anazungumzia mazuku. Goma neno hilo hata mtoto analijua, lakini mgeni humchukua muda kulielewa. Ni gesi ya kaboni dioksidi, ileile tunayoitoa tunapopumua, inayopenya kutoka ardhini kwenye nyufa za nchi hii ya volkano. Haina rangi. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inatuama kwenye mabonde na mashimo kama maji yanavyotuama, zaidi usiku na alfajiri wakati upepo umelala. Upande wa magharibi wa mji, kuelekea ziwa, kuna sehemu zake zinazojulikana. Sasa fikiria mwanafunzi ambaye bado hana kitanda, analala kwenye mkeka, sakafuni, ndani ya chumba kilicho chini ya usawa wa ardhi. Nilimshukuru yule bibi kwa mikono miwili. Dola 5 zikaenda, na tangu siku ile nikipelekwa kuona chumba naangalia kwanza kama naingia kwa kupanda au kwa kushuka, halafu nawauliza majirani, simuulizi komisioneri.

Chumba nilichokipata kilikuwa mtaa wa Majengo. Nyumba ya mbao, paa la bati, dola 15 kwa mwezi, garanti ya miezi mitatu pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza, na komisioneri wa pili alichukua dola 8. Nilipomaliza kulipa zilibaki dola 67. Chumba kilikuwa na hatua tano kwa nne, nyayo zangu, na hakuna hata msumari ukutani. Nje ya mlango uwanja ulikuwa lava tupu, nyeusi, iliyokunjamana kama blanketi lililotupwa.

Usiku wa kwanza nilitandika mkeka na kitenge na sikulala. Goma iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, na watu wanaosikia neno Afrika wakadhani ni joto mahali pote hawajalala kwenye sakafu ya Majengo mwezi wa Novemba mvua inaponyesha. Baridi ilipanda kutoka chini kupitia mkeka kana kwamba mkeka haupo. Ndiyo maana nasema, na nitazidi kusema: kabla ya meza, kabla ya kiti, kabla ya pazia, nunua mahali pa kulala palipoinuka kutoka sakafuni.

Kitanda nilikipata kwa dada mmoja mfinalisti, yaani wa mwaka wa mwisho, aliyekuwa amechelewa kurudi kwao Walikale. Alikaa karibu na ziwa, upande wa Keshero. Dola 12, kitanda cha mbao ngumu, vichwa viwili, mbavu mbili, chaga kumi na moja. Kwa fundi wa mbao, kipya cha namna hiyo niliambiwa dola 30, na cha mbao mbichi dola 20. Mbao mbichi nakusihi usizikubali. Zinakauka ndani ya chumba chako, zinajikunja, viungo vinalegea, na kufikia Pasaka unalala kwenye bembea.

Nilifurahi mno kwa bei hiyo. Sikuuliza swali ambalo sasa naliuliza kwanza: kitafikaje?

Motari wawili, yaani madereva wa pikipiki, walikitazama wakaondoka. Wa tatu alitaka kufunga vichwa viwili tu na kurudi safari tatu, kila safari kwa bei yake. Mwishowe nilisimama barabarani nikamsimamisha kijana wa chukudu. Kwa wasiojua Goma: chukudu ni kigari cha mbao chenye magurudumu mawili, nayo ya mbao, yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu. Ina usukani kama baiskeli lakini haina pedali wala kiti. Dereva akiteremka anapiga goti moja kwenye ubao na kusukuma kwa mguu mwingine. Akipanda anaisukuma kwa kifua na mikono. Breki ni kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, anakikanyaga. Mji huu umejengwa kwa chukudu. Viazi na kabichi za Kibumba zinashukia juu yake, makala, yaani makaa, pia, mbao pia, na katikati ya mji imesimamishwa sanamu yake yenye rangi ya dhahabu, dereva akiwa na mzigo.

Kijana yule alisema franka 6,000. Wakati ule dola moja ilikuwa kama franka 1,650, kwa hiyo ilikuwa zaidi ya dola tatu na nusu, karibu theluthi ya bei ya kitanda. Nilibishana mpaka 5,000 na nikadhani nimeonewa. Tulipoanza kutembea nilielewa. Kutoka ziwani mpaka Majengo njia yote inapanda. Nilisukuma pamoja naye. Kwenye mawe gurudumu la mbele liliruka, akalirudisha kwa bega. Shati lake lilikuwa limeloa kabla hatujafika nusu ya safari, na mimi niliyekuwa nanung'unika juu ya franka 5,000 nikanyamaza.

Tulipofungua mzigo chaga zilikuwa kumi. Moja ilikuwa imechomoka njiani, na mimi sikuwa nimezihesabu wakati wa kufunga.

Sasa hapa ndipo somo kubwa la simulizi hii yote, na sikulifundishwa na mtu mwenye shahada. Wiki iliyofuata nilikwenda soko la Virunga kununua bidoni, yaani madumu ya maji, nikakaa karibu na papa mmoja wa chukudu aliyekuwa amemaliza kushusha magunia ya viazi. Nywele zimeanza kuwa nyeupe, viatu vya mpira, kiraka cha ngozi ya tairi gotini. Nilimweleza kitanda changu kilinigharimu kiasi gani kukifikisha. Alitikisa kichwa, akanyoosha mkono kuelekea volkano ya Nyiragongo.

"Mwanangu, sisi tunashukaka na muzigo, tunapandaka buchi. Weye unakaa Majengo, njia yetu ya kurudia. Kwa nini ulimukamata mutu wa ku ziwa?"

Ni hivyo tu. Ziwa liko chini, volkano iko juu, na mzigo wa mji huu unateremka asubuhi kutoka kaskazini. Mchana chukudu zinarudi Kibumba tupu. Mwenye chukudu lazima aisukume kupanda, uwe na mzigo au usiwe nao. Ukimwongezea bidoni tatu na mbabula, yaani jiko la makala, mpaka Majengo, anapata kitu kidogo kwa njia ambayo angeipita bure. Siku ile alinipandishia bidoni tatu, mbabula, ubao mmoja mrefu na beseni jipya kwa franka 1,000. Nikachukua namba yake ya simu. Kwa miaka mitatu sikumtafuta mwingine.

Kwa hiyo nilianza kununua nikifuata mteremko. Kilicho kizito nilikitafuta soko la Virunga au juu zaidi, hata kama bei yake ilizidi ya Birere, soko la karibu na mpaka, kwa franka mia tano. Vitu vidogo, vikombe, kijiko cha kusongea, misumari, kamba, hivyo nilivitoa Birere mwenyewe kwa mfuko begani, kwa sababu Birere ndiko vyombo vya plastiki vinavyovuka mpaka vinakofikia kwanza na bei bado ina nafasi ya kupungua. Na sikununua tena kitu kimoja kikubwa peke yake. Nilikuwa naandika kwenye daftari ninachohitaji, nangoja vifike vitano au sita, nalipa, naviacha kwa mama mwenye duka, halafu nampigia papa wa chukudu. Safari moja. Aliyenunua kiti leo, meza kesho na ndoo keshokutwa amelipa njia mara tatu.

Habari ya kitanda haijaisha. Usiku wa tatu juu yake niliamka na vipele shingoni na mikononi, vimejipanga mstari. Nilidhani ni mbu. Asubuhi niligeuza kichwa cha kitanda nikaona kwenye kiungo, pale ubavu unapoingia, vidoti vyeusi kama wino uliorushwa na kalamu, na maganda membamba ya rangi ya chai. Kunguni. Dada aliyeniuzia sidhani alinificha. Mtu akizoea kuumwa hufikiri ndivyo usiku ulivyo.

Nilichofanya ni hiki, na kilifaa. Nilikitenganisha chote, nikakitoa nje. Nilichemsha maji sufuria baada ya sufuria kwenye mbabula ya jirani, nikamwaga yakiwa bado yanatokota kwenye kila kiungo, kila tundu la msumari, kila ufa, polepole, si kwa kunyunyiza. Maji yanayochemka yanaua mdudu na yai lake. Mafuta ya taa yanamkimbiza tu na yanakuachia harufu na hatari ya moto. Kisha nililaza mbao juu ya lava ya uwanja. Jua likiwaka mchana mawe yale meusi yanapata moto ambao huwezi kuukanyaga bila viatu. Nilizigeuza kwa siku tatu. Baada ya wiki mbili nikarudia maji ya moto, kwa ajili ya yale mayai yaliyoponyoka. Hawakurudi.

Tangu hapo sinunui mbao kuukuu kabla ya kupitisha ukingo wa kadi ngumu ndani ya viungo na kuitazama inapotoka. Ikitoka na vumbi jeupe kama unga, kuna dudu anayekula mbao kutoka ndani. Ikitoka na vidoti vyeusi, unajua. Vya chuma na plastiki vikuukuu nunua bila hofu. Godoro kuukuu la mtu usiyemjua, hapana, hata kwa dola 5.

Godoro langu lilikuwa jipya, dola 28, na nalo nililikosea. Kulichagua sikukosea: nilifungua zipu nikaangalia kama ni sifongo moja au ni vipande vilivyogandishwa kwa gundi, nikabonyeza kwa goti, nikahesabu mpaka kumi, nikaangalia linavyoinuka. Lililoinuka haraka ndilo nililochukua. Kosa lilikuwa saa. Nilinunua saa nane mchana, mwezi wa mvua, nikalifunga kwenye pikipiki bila mfuko kwa kuwa chumba hakikuwa mbali. Mvua ya Goma haibishi hodi. Ilitukuta barabarani, motari akaegesha chini ya kibaraza, lakini kibaraza kilikuwa kimejaa watu, nalo godoro lilibaki nje limefungwa nyuma ya kiti. Lilikunywa maji mpaka likawa zito kuliko mimi. Siku nne lilisimama wima uwanjani likidondoka, na mimi nikarudi kwenye mkeka. Mfuko wa plastiki wa kulifunika ungekuwa franka 1,000. Godoro linunuliwe asubuhi, likunjwe, lifungwe kwa mpira wa ndani wa tairi, livishwe plastiki hata kama mbingu ni samawati.

Baada ya kitanda na godoro mengine yote yalikuwa rahisi, na nilifurahia.

Rafu sikuinunua. Uwanjani mawe yalikuwa ya kumwaga, na mawe ya lava yana tabia nzuri: yamejaa matundu ya hewa, kwa hiyo jiwe kubwa kama kichwa cha mbuzi unalibeba kwa mkono mmoja, tena halitelezi. Nilichagua kumi na mawili yenye tumbo bapa, nikayapiga brashi kwa maji kuondoa vumbi jeusi, nikayapanga: mawili huku, mawili kule, ubao juu, mawili tena, ubao. Mbao tatu. Chini viatu na bidoni, katikati sufuria na unga, juu vitabu. Kati ya jiwe na ubao niliweka kipande cha katoni, kwa sababu lava inakwangua mbao kama tupa, na usiku mmoja mwanzoni nilisikia rafu inasaga meno. Ubao wa chini kabisa usiuweke chini ya urefu wa kiganja, maji ya mvua yanapoingia chini ya mlango vitu vyako visiwe njiani.

Ukuta wa mbao ni kabati. Nilipigilia misumari kwenye nguzo, si kwenye ubao mwembamba, nikafunga kamba mbili. Nguo zote zilikaa huko nyuma ya kitenge kimoja kirefu. Kati ya ubao na ubao kulikuwa na nyufa, upepo unaingia na ule vumbi mweusi wa Goma unaotia weusi hata ndani ya sikio. Nilibandika katoni kwa uji wa unga wa muhogo uliopikwa mzito. Mashuka mawili na pazia nilichagua kwenye mitumba, franka 9,000 yote, nikayachemsha kabla hayajagusa godoro.

Nisahau vipi bidoni. Zile za njano za lita 20. Tatu kwa franka 7,500 zikiwa zimetumika. Nilizinusa moja moja, kwa sababu iliyobeba petroli haioshiki ikawa ya kunywea. Zikijaa ni maji ya siku mbili, zikiwa kwenye foleni ya bomba la mtaa ni nafasi yako, na ikiwa mgeni amekuja ni kiti. Ya nne, iliyopasuka, niliikata shingo ikawa sanduku la makala.

Jikoni ndiko nilikojifunza kutonunua. Kwenye uwanja uleule walikuwa wanakaa wasichana wengine wawili, mmoja wa Butembo, mmoja wa Masisi. Kila mmoja wetu alikuwa na kitu na kila mmoja alikuwa anajiandaa kununua kilichobaki. Jioni moja tulikaa kwenye ngazi tukahesabu: sufuria kubwa moja inatosha, kinu kimoja kinatosha, pasi ya makala moja inatosha. Yule wa Butembo alikuwa na mbabula kubwa ya chuma kizito. Yangu ikawa ya chai. Tukaanza likelemba, yaani mchango wa pamoja, ya franka 2,000 kila wiki, si ya kugawana pesa bali ya gunia la makala, na papa wa chukudu ndiye aliyetuletea, kutoka mikononi mwa wanaoshusha, kabla halijafika sokoni na kugawanywa kwenye mifuko midogo. Tofauti ya kununua gunia na kununua kifuko kila siku ilinipa pesa ya kutoa fotokopi za nota zangu muhula mzima.

Mbabula ibaki nje. Hata mvua ikinyesha, hata baridi ikikaza. Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa gesi nyingine, si ile ya mazuku, lakini nayo haionekani na inaua waliolala. Kuna mwenzetu wa mtaa wa pili tuliyemzika kwa sababu hiyo, na sitaki kuandika zaidi.

Meza ilikuja mwezi wa Juni. Ndiyo, miezi saba nilisomea kitandani, ubao ukiwa juu ya magoti. Nilingoja kwa sababu nilikuwa nimeuliza wafinalisti wanaondoka lini. Matokeo yakishatangazwa, kila anayerudi kwao ana kitu asichoweza kupakia: meza, kiti, ndoo, kamusi. Wiki hiyo bei yao inashuka kila siku. Aliyesema dola 15 Jumatatu, Ijumaa anasema dola 6 na anakuongezea kiti, kwa sababu Jumamosi mtumbwi wake unaondoka. Sikuona vibaya kungoja Ijumaa, ila sikuwahi kumlalia mtu aliyekuwa analia. Dada mmoja alinipa ndoo bure akaniomba nimsindikize bandarini na begi lake. Nilimsindikiza.

Nimeeleza nilivyokipanga chumba. Nieleze pia nilivyokiacha siku moja.

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, jioni, mbingu ya kaskazini ikawa nyekundu. Nyiragongo ilikuwa imelipuka. Lava ilikula nyumba za upande wa Buhene ikasimama kabla ya kuingia mjini, na kwetu Majengo tulisikia harufu yake. Wazee walikuwa na kumbukumbu ya 17 Januari 2002, ilipopita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani, kwa hiyo hakuna aliyengoja kuelezwa. Usiku ule tulikimbia mikono mitupu, asubuhi tukarudi. Kisha ardhi ikaanza kutetemeka, mchana na usiku, mpaka Alhamisi tarehe 27 ikatoka amri ya kuhama. Watu walikwenda Sake kwa miguu, wengine Rwanda, wengine ziwani. Mimi nilikuwa na kwetu ng'ambo ya maji.

Rafu ilikuwa imeanguka usiku, mawe yamesambaa kati ya vitabu. Nilisimama mlangoni nikitazama vitu vyangu vyote, vile nilivyovihesabu franka kwa franka, na nilishangaa jinsi uamuzi ulivyokuwa mfupi. Mkeka wa mama. Sufuria ndogo. Bidoni moja. Nota. Godoro nililikunja nikalifunga na zile mipira, zilikuwa bado zipo zimening'inia msumarini. Papa wa chukudu sikumpigia, alikuwa na watoto wake. Niliteremka nalo kichwani, na njia ile iliyonitoa jasho siku ya kitanda sasa ilikuwa inanisukuma mgongoni.

Kituku mwenye mtumbwi alisema watu kwanza, godoro halipandi. Alikuwa na haki. Mama mmoja aliyekuwa anauza makala pale, ambaye hakutaka kuondoka, akasema, "Liache hapa, nitaliketiaka." Nikaliacha bila kumuuliza jina lake. Niliporudi mwezi wa Juni nilikwenda moja kwa moja kwenye meza yake. Alikuwa amelilaza juu ya magunia matupu, chini ya bashi, yaani turubai, na alikuwa ameweka jiwe juu yake lisichukuliwe na upepo. Nilimpa nusu ya ndizi nilizotoka nazo nyumbani. Alinitania kwamba ananidai kodi ya nyumba.

Nilimaliza mwishoni mwa mwaka ule. Kitanda nilimuuzia msichana wa Minova anayeanza mwaka wa kwanza, dola 10, na meza na bidoni ndani ya bei hiyo. Mbao za rafu nilimpa. Kwa bahati chumba alichokipata kilikuwa juu kidogo ya changu, njia ileile, kwa hiyo nilimpigia papa wa chukudu nikamwambia aje anaporudi, mchana. Alikuja. Alipiga goti akaanza kufunga, vichwa pembeni, mbavu katikati, mpira unavutwa kwa meno.

Msichana akauliza kama achukue na mawe. Nilimwambia ayaache, kwake yapo. Kisha nikamwambia ahesabu chaga kabla hazijafungwa. Alizihesabu kwa kidole, kwa sauti. Kumi na moja, akasema, lakini moja ni ya mti mwingine.